Abdul-Baha: Mfungwa wa Akka aliyesindikizwa kaburini na watu wa dini zote

Ndugu msikilizaji, kila dini ina mahali pake pa kuzuru. Waislamu huenda Makka. Wakristo wengi hutamani kufika Yerusalemu na Bethlehemu. Wabahai nao huenda kwenye miji miwili inayotazamana kando ya ghuba moja ya bahari ya Mediterania, kaskazini mwa Israeli. Miji hiyo ni Akka na Haifa.

Hija yao huchukua siku tisa, na mahali pa kuzuru ni pengi. Katika makala hii tumepapanga kama safari ya siku moja, asubuhi hadi jioni, ili tufuate maisha ya mtu mmoja. Huyo ni Abdul-Baha, aliyefika Akka akiwa mfungwa kijana mwaka 1868 na kufariki Haifa mwaka 1921 akiwa mzee anayeheshimiwa na mji mzima. Tunataka kujua jambo moja: ilikuwaje mtu ambaye watu walikatazwa hata kuchangamana naye, akaja kuzikwa na maelfu ya watu wa kila dini?

Wabahai ni nani?

Dini ya Kibahai ilianza Uajemi, nchi tunayoiita Iran leo. Mwaka 1844, kijana mfanyabiashara wa mji wa Shiraz, aliyejulikana kwa jina la Bab, alitangaza kwamba anatayarisha njia ya mjumbe mwingine kutoka kwa Mungu. Wengi walimfuata, na serikali pamoja na viongozi wa dini wakampinga. Aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Tabriz mwaka 1850. Baadaye mmoja wa wafuasi wake, Bahaullah, alisema kwamba yeye ndiye mjumbe aliyengojewa. Abdul-Baha alikuwa mwana mkubwa wa Bahaullah.

Si kazi yetu hapa kuipima imani hiyo. Ila tunajua kwamba Wabahai wako pia kwetu Afrika Mashariki. Nyumba yao ya ibada iliyoko Kikaaya, Kampala, ilifunguliwa Januari 1961. Nyingine ilifunguliwa Matunda Soy, magharibi mwa Kenya, mwaka 2021. Kwa hiyo huenda jirani yako anamfahamu mtu tunayemzungumzia.

Kiganja cha unga

Kabla hatujafika Akka, turudi kidogo Tehran. Abdul-Baha alizaliwa huko tarehe 23 Mei 1844. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Abbas, jina la babu yake aliyekuwa na cheo serikalini. Familia ilikuwa na mali, nyumba kubwa na watumishi.

Yote hayo yaliondoka mwaka 1852. Wafuasi wachache wa Bab, wakiwa na uchungu wa kuuawa kwa kiongozi wao, walijaribu kumuua mfalme wa Uajemi. Mfalme alinusurika, na serikali ikawakamata na kuwaua watu wengi, wenye hatia na wasio na hatia. Bahaullah hakuhusika, lakini alitiwa minyororo na kuwekwa katika gereza la chini ya ardhi, lenye giza na uchafu, kwa miezi minne. Nyumba yake iliporwa.

Abbas alikuwa na miaka 8. Ndugu na marafiki waliikimbia familia, na watoto wa mtaani walimrushia mawe. Siku moja mama yake hakuwa na chakula chochote cha kumpa. Alichukua unga mkavu, akautia kiganjani mwa mtoto, naye akaula hivyo hivyo. Ukikumbuke kiganja hicho cha unga, ndugu msikilizaji, maana tutarudi kwake baadaye.

Januari 1853 familia ilifukuzwa nchini. Walipita milimani wakati wa baridi kali, na mtoto Abbas aliumizwa miguu na baridi. Walikaa Baghdad miaka kumi, kisha wakapelekwa Istanbul, kisha Edirne. Miji yote hiyo ilikuwa chini ya utawala wa Sultani wa Uturuki. Mwaka 1868 Sultani aliamuru wapelekwe Akka, mji ambao wakati huo ulitumika kama gereza. Abbas alikuwa na miaka 24.

Asubuhi: ngome ya Akka

Hujaji anayefika Akka asubuhi huona kuta nene za mawe zinazopigwa na mawimbi. Ni kuta zilezile walizoziona wafungwa tarehe 31 Agosti 1868, walipoletwa kwa mashua kutoka Haifa. Walikuwa karibu watu 70, wake kwa waume na watoto. Wenyeji walikusanyika kuwatazama na kuwazomea. Walikuwa wameambiwa kwamba wanaletewa waovu na maadui wa dini. Baada ya muda mfupi amri ya Sultani ilisomwa msikitini: wafungwa hao wafungwe maisha, na mtu yeyote asichangamane nao.

Waliwekwa katika kambi ya askari, ndani ya ngome. Usiku wa kwanza hawakupewa maji ya kunywa wala chakula. Siku zilizofuata malaria na kuhara damu viliwashika karibu wote. Watatu walikufa. Abbas alikuwa mmoja wa wachache waliobaki na nguvu, naye akawapikia wagonjwa mchuzi, akawaosha na kukesha nao mpaka yeye mwenyewe akaanguka kwa ugonjwa.

Mahujaji hupanda ngazi hadi chumba alichofungiwa Bahaullah. Ni chumba kitupu chenye dirisha linalotazama baharini. Karibu na hapo huonyeshwa mahali pa msiba mwingine. Jioni moja ya Juni 1870, mdogo wake Abbas, kijana wa miaka 22 aitwaye Mihdi, alikuwa juu ya paa akitembea huku akisali. Hakuona tundu la kuingizia mwanga. Alianguka hadi chini juu ya kreti la mbao, na siku iliyofuata akafariki.

Kabla ya adhuhuri: nyumba ya Abbud

Miezi michache baadaye jeshi lilihitaji kambi yake, na wafungwa wakahamishiwa kwenye nyumba za mjini. Hawakuwa huru, kwani hawakuruhusiwa kutoka nje ya kuta za mji. Familia ilifikia nyumba iliyobanana na ya jirani yake, mfanyabiashara Mkristo aliyeitwa Abbud. Nafasi ilikuwa ndogo hata watu 13 walilala chumba kimoja.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika zaidi, na aliyeharibu hakuwa Sultani. Miongoni mwa wafungwa walikuwemo wapinzani wa Bahaullah waliopeleka habari zake kwa wakubwa. Bahaullah alikuwa amekataza kulipiza kisasi. Lakini Januari 1872, wafuasi wake saba waliwaua wapinzani watatu.

Mji ulitaharuki. Watu walisema yale yaliyosomwa msikitini yalikuwa kweli tupu. Bahaullah alishikiliwa siku tatu hivi, na Abbas alitiwa minyororo usiku wa kwanza. Watoto wa Wabahai hawakuweza kupita njiani bila kupigwa mawe. Naye Abbud, kwa hofu, aliuongeza unene wa ukuta uliotenganisha nyumba yake na ya jirani zake.

Abbas hakuwa na hoja ya kuwashinda watu wenye hofu. Alichokuwa nacho ni mwenendo. Aliendelea kuamkia watu sokoni, kuzuru wagonjwa, kulipa madeni kwa wakati na kusema ukweli mbele ya maofisa. Abbud alimtazama kwa muda mrefu kutoka upande wa pili wa ukuta.

Mwaka uliofuata, Machi 1873, Abbas alipangiwa kumwoa Munirih, binti aliyetoka Isfahan. Bwana na bibi harusi walikuwepo, chumba cha kuwaweka ndicho hakikuwepo. Abbud alipojua sababu ya harusi kuchelewa, alifungua njia kutoka nyumba yake, akakipamba chumba kimoja na kuwapa wakae. Ukuta aliouongeza kwa hofu, akautoboa kwa hiari yake. Leo mahujaji huingia katika nyumba hizo mbili kama nyumba moja.

Mchana: mashamba ya Mazraih na kaburi la Bahji

Baada ya mji, hujaji hutoka nje ya kuta na kufika mashambani. Bahaullah alikuwa amekaa miaka tisa bila kuona majani mabichi, naye alipenda shamba. Siku moja alilitaja jambo hilo. Abbas alielewa, akaenda kwa mwenye nyumba ya Mazraih, kaskazini mwa Akka, akaikodi na kuitengeneza. Amri ya Sultani ilikuwa bado haijafutwa. Abbas alijaribu kwanza mwenyewe: alitembea hadi lango la mji, akatoka. Askari hawakumzuia.

Bahaullah alisita, kwa kuwa yeye ni mfungwa. Aliyemsihi hadi akakubali alikuwa Mufti wa Akka. Katika mji uleule ambako msikitini ilisomwa amri ya kuwatenga wafungwa, kiongozi mkubwa wa Waislamu alikuwa sasa akimwomba mfungwa atoke akapumzike. Hiyo ilikuwa mwaka 1877, miaka tisa tu baada ya kufika.

Mwaka 1879 Bahaullah alihamia jumba la Bahji, lililoachwa na mwenyewe wakati wa tauni. Abbas hakuhamia naye. Alibaki mjini kushughulikia maofisa, wageni na maskini, ili baba yake apate utulivu wa kuandika. Bahaullah alifariki Bahji tarehe 29 Mei 1892 na kuzikwa katika chumba kando ya jumba hilo. Kwa Wabahai hapo ndipo mahali patakatifu kuliko pote, na ndipo wanapoelekea wakati wa sala, kama Mwislamu anavyoelekea Makka. Mahujaji huingia kimya kimya, na wengi hutoka na macho mekundu.

Wosia wa Bahaullah ulimtaja Abbas kuwa kiongozi baada yake. Naye akachagua kujiita Abdul-Baha, maana yake mtumishi wa Baha. Lakini wosia haukuleta amani nyumbani. Ndugu yake wa baba mmoja na mama mwingine, Muhammad Ali, alimpinga na kuwavuta wengi wa jamaa upande wake. Ni ugomvi wa urithi ambao wengi wetu tunaujua kutoka kwa jamaa zetu wenyewe. Mashtaka yalipelekwa serikalini, na mwaka 1901 Abdul-Baha alifungiwa tena ndani ya kuta za Akka.

Alasiri: nyumba ya Abdullah Pasha

Hujaji hurudi mjini na kuingia nyumba kubwa ya mawe yenye ua na ngazi ndefu. Abdul-Baha aliikodi mwaka 1896 na kukaa humo miaka yake ya mwisho ya kifungo. Humo alizaliwa mjukuu wake, Shoghi Effendi, aliyekuja kuongoza Wabahai baada yake.

Desemba 1898 wageni wa kwanza kutoka nchi za Magharibi walifika katika nyumba hii. Msafara uligharimiwa na mama tajiri wa California, Phoebe Hearst. Pamoja naye alikuwapo mtumishi wake, Robert Turner, Mmarekani mweusi. Wakati huo Marekani, mtumishi mweusi hakukaa sebuleni na wageni weupe. Abdul-Baha alimwita aingie, akamkaribisha kama wengine. Turner anakumbukwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa Mbahai.

Wageni wa miaka ile walisimulia pia habari ya asubuhi za Ijumaa. Maskini wa Akka walikusanyika, na Abdul-Baha alipita kati yao akimpa kila mmoja kitu kidogo mkononi na kumuuliza habari za nyumbani kwake. Baridi ilipokuja aliwagawia nguo. Alikuwako mtu mmoja kutoka Afghanistan aliyemchukia kwa sababu ya dini. Alipokea chakula chake na nguo zake lakini hakumshukuru. Hata alipougua, na Abdul-Baha akaja na daktari na kumshika mkono, mtu yule alijifunika uso kwa nguo yake asimwone. Ilichukua miaka 24 mpaka akaja mwenyewe mlangoni kuomba msamaha.

Mwaka 1907 tume kutoka Istanbul ilifika kuchunguza mashtaka mapya. Watu walisema Abdul-Baha atapelekwa jangwani Libya au atanyongwa. Yeye akawa anapanda miti na mizabibu, na kutengeneza nyumba. Mwaka 1908 mapinduzi yalitokea Uturuki, na wafungwa wa kisiasa na wa dini wakafunguliwa. Aliingia uhamishoni akiwa mtoto wa miaka 8, akaachiwa akiwa mzee wa miaka 64. Kati ya miaka hiyo, 40 alikuwa mfungwa wa Akka.

Jioni: Mlima Karmeli

Sasa gari la hujaji huzunguka ghuba hadi Haifa, chini ya Mlima Karmeli, mlima unaotajwa katika Biblia katika habari za nabii Eliya. Ubavuni mwake kuna jengo lenye kuba la dhahabu na bustani zilizopangwa kwa ngazi 19. Ni kaburi la Bab. Wafuasi wake walikuwa wamelificha jeneza lake kwa miaka mingi, wakilihamisha nyumba hadi nyumba, hadi likafika Akka mwaka 1899. Abdul-Baha alijenga vyumba sita vya mawe hapo mlimani, na tarehe 21 Machi 1909 akalilaza jeneza humo kwa mikono yake mwenyewe. Kuba lilimalizika mwaka 1953. Mwaka 2008 mahali hapa na vile vya Akka viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Akiwa huru, mzee huyu alisafiri. Mwaka 1911 alifika London na Paris, na Aprili 1912 akaingia New York. Huko Washington alialikwa chakula cha mchana na watu wakubwa. Nafasi za kukaa zilikuwa zimepangwa kwa vyeo. Abdul-Baha aliuliza yuko wapi Louis Gregory, mwanasheria mweusi, akatafutiwa kiti na kuketishwa mkono wake wa kuume. Mwaka uleule Gregory alimwoa Louisa Mathew, mwanamke mweupe wa Uingereza, kwa kutiwa moyo na Abdul-Baha, wakati majimbo mengi ya Marekani yalikataza ndoa kama hiyo.

Alirudi Haifa Desemba 1913. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Bandari zilifungwa, nzige waliingia, jeshi likachukua mazao. Njaa ikaingia mijini.

Hapa tunarudi kwenye kiganja cha unga. Miaka kabla ya vita, Abdul-Baha alikuwa amenunua ardhi katika bonde la mto Yordani. Kijiji kimoja kiliitwa Adasiyyih, karibu na mto Yarmuk, ambako aliweka wakulima Wabahai kutoka Uajemi. Alifika huko mara kwa mara kuwaelekeza. Waliotia bidii walivuna ngano nyingi, na nafaka ikawekwa akiba. Njaa ilipokuja, ngano ililetwa Haifa na Akka na kugawiwa watu, bila kuulizwa dini zao. Mtoto aliyekula unga mkavu mkononi alikuwa sasa anafungua ghala.

Vita vilipokuwa vinakaribia mwisho, jemadari wa Uturuki, Jamal Pasha, alitishia kumsulubisha. Majeshi ya Uingereza yaliuteka mji Septemba 1918 kabla hajatimiza tishio lake. Tarehe 27 Aprili 1920, kwa ajili ya msaada wake wakati wa njaa, Waingereza walimpa cheo cha Sir. Alikipokea kwa adabu, ila hakukitumia.

Mazishi

Hujaji humalizia siku katika nyumba ya Abdul-Baha, chini kidogo ya mlima. Huonyeshwa chumba kidogo chenye kitanda. Humo alifariki usiku wa tarehe 28 Novemba 1921, akiwa na miaka 77.

Siku iliyofuata watu wapatao elfu kumi walipanda mlima nyuma ya jeneza lake. Alikuwapo Kamishna Mkuu wa Uingereza, Herbert Samuel. Walikuwapo Waislamu, Wakristo, Wayahudi na Wadruzi, maskini na wenye vyeo. Wasemaji tisa walizungumza, na miongoni mwao Mwislamu, Mkristo na Myahudi, kila mmoja akimlilia kama wa kwake. Alilazwa katika chumba kimojawapo cha jengo alilomjengea Bab. Mwaka 2019 Wabahai walitangaza mpango wa kumjengea kaburi lake mwenyewe karibu na Akka.

Sasa tujibu swali letu. Amri iliyosomwa msikitini mwaka 1868 haikufutwa na hotuba. Ilifutwa polepole, kwa miaka 53, na mchuzi wa wagonjwa, ukuta wa Abbud, asubuhi za Ijumaa na ngano ya Adasiyyih. Na haikuwa rahisi, maana wa kwake mwenyewe walimharibia mara mbili: wale walioua mwaka 1872, na ndugu yake aliyemshtaki.

Jua likizama, hujaji akisimama bustanini Karmeli huona taa za Akka zikiwaka ng'ambo ya ghuba. Kwa gari ni safari fupi. Abdul-Baha ilimchukua miaka 40 kutoka kule na kuja kukaa hapa akiwa huru, na katika miaka hiyo hakungoja kufunguliwa ndipo aanze kuwa na faida kwa jirani zake.